Nionyesheni Inavyokataa

Kuna mazungumzo yanayorudiwa katika ofisi za kaunti, vituo vya afya na vyuo, kutoka Isebania hadi Kendu Bay. Mtu anauliza kama seva iko salama. Afisa wa ICT anageuza skrini, anaandika anwani, ukurasa wa usimamizi unafunguka, anaingiza jina na neno la siri, grafu za kijani zinajitokeza. "Si unaona, mkubwa? Iko sawa." Mkubwa anaitikia kwa kichwa, kikao kinaendelea na ajenda inayofuata, na katibu anaandika kwamba usalama wa mfumo umethibitishwa.

Hakuna kilichothibitishwa. Kilichoonekana ni kwamba mwenye ufunguo anaweza kufungua mlango wake mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka.

Ninachokizungumzia ni paneli, yaani ukurasa wa kivinjari ambao fundi huutumia kuendesha seva bila kuigusa mashine yenyewe. Kupitia paneli anaongeza na kufuta watumiaji, anazima na kuwasha huduma, anaingia kwenye hifadhidata, anapakua nakala ya kila kitu. Zipo za kila aina: Webmin, cPanel, CyberPanel, Cockpit, meneja wa Tomcat, phpMyAdmin. Aliyeshika paneli ameshika seva, na aliyeshika seva haombi ruhusa ya daktari ili asome faili la mgonjwa.

Faili zenyewe si za mchezo. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta kiwango cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wa miaka 15 hadi 64 kuwa asilimia 4.9 nchini kote. Homa Bay kilikuwa asilimia 19.6, cha juu kuliko kaunti zote. Migori kilikuwa 13. Mfumo mkuu wa rekodi za kliniki zinazowahudumia wenye virusi hivyo ni KenyaEMR, uliojengwa juu ya OpenMRS, mradi ulioanza mwaka 2004 ukiwa na mizizi Eldoret. Tangu mwaka 2012 KenyaEMR ilisambazwa katika vituo zaidi ya 300, vingi vikiwa magharibi mwa nchi. Mpangilio wa kawaida ni huu: seva ndogo inakaa ndani ya kituo, na kompyuta za kliniki, maabara na famasia zinaifikia kwa kivinjari kupitia mtandao wa ndani. Sababu yake inaeleweka, kwa kuwa intaneti ikikatika kazi haisimami. Matokeo yake hayasemwi sana: kila kituo kimegeuzwa kuwa mlinzi wa hazina ya siri za majirani zake, bila kuulizwa kama kina mlinzi.

Sasa niueleze mtazamo ninaoupinga jinsi wenyewe wangependa uelezwe. Wanaosema "inafanya kazi, iache" si wajinga. Seva hizi, wanasema, ziko kwenye mtandao wa ndani. Zina neno la siri. Programu zake zilipakuliwa kwa watengenezaji wenyewe na kuwekwa na wataalamu waliotoka Kisumu au Nairobi. Afisa mmoja anahudumia vituo vingi, barabara nyingine hazipitiki mvua ikinyesha, umeme hukatika, na kila anayegusa mpangilio wa seva anahatarisha foleni ya asubuhi ya siku ya kliniki. Halafu kituo kidogo cha Ndhiwa au Nyatike kina nini cha kumvutia mdukuzi wa ng'ambo? Miaka imepita na hakuna aliyevamiwa. Basi kama ukurasa unafunguka, una kufuli na hakuna anayelalamika, uhesabiwe salama, na fedha chache zilizopo ziende kwenye dawa na mafuta ya jenereta.

Hoja hiyo nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Tuichambue kipande kwa kipande.

1. "Inafanya kazi"

Askari wa lango hapimwi kwa saluti anayompigia mkurugenzi. Hupimwa usiku, na mtu asiyemjua, asiye na kitambulisho. Lakini hafla zetu zote za kukabidhiwa mfumo ni mashindano ya saluti. Mkandarasi anaingia, inafunguka. Daktari anaingia, inafunguka. Waziri wa afya wa kaunti anabonyeza kitufe, inafunguka, watu wanapiga makofi na picha. Sijasikia hafla hata moja ambayo mgeni rasmi alialikwa kuja kukataliwa.

Usalama wa paneli ni tabia yake ya kusema hapana, na hapana haionekani mpaka mtu aiombe. Kuiomba si kazi ya wiki. Chukua simu, zima Wi-Fi, tumia bando lako, andika anwani ya paneli: pasionekane chochote, hata ukurasa wa kuombea neno la siri. Kaa kwenye benchi la wagonjwa, jiunge na Wi-Fi ya kituo, jaribu tena: kimya. Nenda kwenye kompyuta ya karani wa data: mfumo wa rekodi ufunguke, paneli ikatae. Tumia jina la afisa aliyehamishwa mwaka jana na neno lake la zamani: ikatae. Kosea neno la siri mara kumi mfululizo: ikufungie. Ingia vizuri, toka, kisha bonyeza kitufe cha kurudi nyuma: ule ukurasa wa ndani usirudi.

Kisha fanya jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Fungua kumbukumbu za seva utafute majaribio yako mwenyewe. Je, yameandikwa, kwa saa sahihi na anwani ya kifaa ulichotumia? Kama yale makosa kumi ya makusudi hayakuacha alama, basi yule atakayekuja na nia mbaya naye hataacha. Na ukikuta saa ya seva iko nyuma kwa siku mbili, kwa sababu betri ya mashine ilikufa na hakuna aliyeona, ushahidi wowote utakaotoka humo hautamfikisha mtu mahakamani.

Mchana mmoja unatosha, pamoja na chai.

2. "Kufuli lipo"

Kufuli kwenye kivinjari linasema mambo mawili tu: mazungumzo kati ya kompyuta yako na seva yamefichwa njiani, na cheti cha upande wa pili kinalingana na jina uliloandika. Halisemi kwamba aliye upande wa pili ni mwaminifu, wala kwamba mlango wake umefungwa kwa wengine. Tangu Let's Encrypt ilipoanza kutoa vyeti bure mwaka 2015, hata tapeli anayekuomba PIN ya M-Pesa ana kufuli, na linang'aa kuliko la kaunti.

Lakini tungekuwa na bahati kama tatizo letu lingekuwa kufuli linaloaminiwa kupita kiasi. Kwenye seva za mtandao wa ndani, cheti mara nyingi ni cha kujitengenezea. Kivinjari hakikijui, kwa hiyo kinatoa onyo zito, ukurasa mzima, kwamba huenda mtu anakuchungulia. Na somo la kwanza analopewa mfanyakazi mpya ni wapi pa kubonyeza ili onyo hilo liondoke. Kengele pekee ambayo kompyuta inayo dhidi ya mtu aliyejipachika katikati ya mazungumzo, tumewafundisha watu kuizima kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mwezi unaofuata tunawapeleka watu hao hao hotelini Kisumu kwa semina ya usalama wa mtandao, na slaidi ya tatu inawaambia wasipuuze kamwe maonyo ya kivinjari.

Dawa yake haina gharama ya kutisha. Keti mbele ya seva yenyewe, nakili alama ya utambulisho wa cheti chake kwenye karatasi, kisha linganisha na ile inayoonekana kwenye kompyuta za wodi. Zikitofautiana, kuna kitu katikati. Zikilingana, kiweke cheti hicho kwenye orodha ya vinavyoaminiwa na kompyuta hizo, ili siku onyo litakapotokea tena liwe na maana. Halafu andika anwani ya paneli kwa http badala ya https uone itakavyokujibu. Paneli inayokuruhusu kuandika neno la siri kupitia mlango usiofichwa imelifanya kufuli la mlango mwingine kuwa pambo.

3. "Iko ndani, haiko kwenye intaneti"

Ndani ya nini? Neno la siri la Wi-Fi limebandikwa ukutani, karibu na kalenda ya mbunge. Wanalo wafanyakazi, wanafunzi wa mazoezi, mwakilishi wa kampuni ya dawa, na kijana wa duka la picha za pasipoti mkabala na lango. Kama mtandao huo ndio huo huo unaobeba paneli, basi "ndani" inaishia pale mawimbi ya ruta yanapoishia, na hayaishii kwenye ua.

Kuna la ujanja zaidi. Vituo vingi hupata intaneti kwa modemu ya laini ya simu, na kampuni za simu huficha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, hivyo mtu wa nje hawezi kuifikia seva moja kwa moja. Hapo watetezi wa "iko ndani" hutabasamu. Ila fundi aliye Nairobi naye hawezi kuifikia, na hana nia ya kusafiri hadi Sindo kila huduma inapogoma. Kwa hiyo anaweka programu ya kuongozea kompyuta kwa mbali, au njia ya kupenya kupitia seva nyingine iliyokodiwa ng'ambo. Siku hiyo seva imetoka nje, kwa mlango usioonekana kwenye mchoro wowote. Fundi anahama kampuni. Mlango unabaki.

Linux ina amri fupi inayoorodhesha poti zote ambazo seva inasikiliza na programu iliyo nyuma ya kila moja. Ichapishwe, na mbele ya kila mstari afisa aandike ni ya nini na nani anaihitaji. Mstari usio na mwenyewe ufungwe. Vilevile ziorodheshwe njia zote ambazo seva yenyewe huzifungua kwenda nje. Ningependa kuona ni kaunti ngapi zingeijaza karatasi hiyo bila kumpigia mtu simu.

4. "Nani atatutafuta Ndhiwa?"

Hoja hii ina unyenyekevu unaopendeza, nayo ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu imekosea pande mbili.

Upande wa kwanza: hakuna anayetafuta Ndhiwa. Programu zinazotafuta paneli hazijui ramani. Hupiga hodi kwenye kila anwani ya intaneti, mchana na usiku, na huingia palipo wazi. Oktoba 2024 kosa liligunduliwa katika CyberPanel lililomruhusu mtu asiye na akaunti kuendesha amri kama msimamizi mkuu. Ndani ya siku chache seva zipatazo 22,000 zilizokuwa wazi kwenye intaneti zilishambuliwa kwa programu ya kufungia mafaili iliyoitwa PSAUX. Wenye seva hizo hawakuchaguliwa mmoja mmoja. Hakuna aliyepitia orodha akasema huyu mdogo, mwacheni.

Upande wa pili: anayetafuta Ndhiwa anakaa Ndhiwa. Taarifa kwamba mtu fulani anatumia dawa za ARV haina bei kubwa kwa mhalifu wa Ulaya Mashariki asiyemjua. Bei yake iko kijijini. Iko kwa shemeji mwenye kesi ya shamba, kwa mpinzani wa uchaguzi wa wadi, kwa mume anayetafuta sababu, kwa mwajiri, kwa mtu wa chama aliyekopesha na hajalipwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo ina neno la siri la Wi-Fi.

Wagonjwa wenyewe wanalijua hili kuliko maafisa wetu. Kuna mtu wa Rongo anayepanda matatu kwenda kuchukua dawa Homa Bay ilhali zipo karibu na kwake. Kuna wa Mbita anayepanda feri hadi Luanda K'Otieno, kaunti nyingine kabisa, asije akaonekana kwenye benchi na binamu yake. Nauli hiyo ni kodi ya siri, na wanailipa kila wanapoenda kliniki, tena watu wasio na fedha za kuchezea. Kisha jina, namba ya simu, kijiji na tarehe ya kupimwa vinaingizwa kwenye seva ambayo paneli yake hufunguka kwa yeyote aliyeko kwenye Wi-Fi. Safari yote ile ya kujificha inafutwa na kitu ambacho hakuna aliyewahi kukipima.

Nchi hii ina historia na orodha za majina. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi pamoja na walezi wao. Shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilivunja haki ya faragha. Iliagiza majina yahifadhiwe kwa namna isiyoyaunganisha na hali ya mtu. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu UKIMWI ilikuwa imeshakataza kutoa matokeo ya mtu bila ridhaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ikaongeza uzito. Wanasheria walipigana ili rais mwenyewe asiwe na orodha. Tukaiweka orodha hiyo kwenye boksi chini ya meza, tukasema nani atatutafuta.

5. "Tuliipakua kwa wenyewe"

Hapa watu makini hujiona wamefika. Hawakuchukua programu ya wizi kwa rafiki mwenye flashi. Walikwenda kwenye tovuti rasmi, wakapakua toleo jipya. Basi wasikilize kisa cha Webmin.

Webmin ni miongoni mwa paneli kongwe. Jamie Cameron aliianzisha mwaka 1997, ni ya bure, husikiliza kwenye poti 10000. Aprili 2018 mtu asiyejulikana aliivamia seva ambayo watengenezaji walikuwa wakiitumia kufungashia matoleo yao. Aliongeza maneno machache kwenye faili moja, akairudisha nyuma tarehe ya faili hilo ili mabadiliko yasionekane yakilinganishwa na nakala asili. Toleo 1.890 likatoka likiwa na mlango wa nyuma, kwenye tovuti rasmi, likiwa na jina lake halali. Mwenye kujua aliweza kuendesha amri yoyote bila neno la siri. Faili lilirudishwa kama lilivyokuwa bila watengenezaji kujua lilikuwa na nini, na Julai mvamizi akarudi akalibadilisha tena, safari hii kwa kujificha zaidi. Septemba 2018 seva ile iliondolewa ikawekwa mpya, na folda lenye sumu likanakiliwa kutoka kwenye nakala za akiba likahamia pamoja na kila kitu. Agosti 2019 ndipo mtafiti alipoutangaza mlango huo hadharani, na toleo 1.930 likatolewa kuuondoa. Zaidi ya mwaka mzima.

Faili lililotiwa sumu lilikuwa lile la kubadilishia neno la siri. Matoleo ya 1.900 hadi 1.920 yalikuwa hatarini pale tu msimamizi alipokuwa amewasha kipengele cha kuwalazimisha watumiaji wabadilishe maneno ya siri yaliyokwisha muda. Kwa maneno mengine, waliofuata ushauri wa semina ndio waliofungua mlango.

Katika kisa hiki anayepima kwa "inafunguka?" angepata jibu la ndiyo kila siku. Anayepima kwa kufuli angeliona kufuli. Anayeuliza kama ilipakuliwa kwa wenyewe angeambiwa ndiyo, na ingekuwa kweli. Aliyesalimika ni yule ambaye paneli yake haikufikiwa na mtu yeyote isipokuwa kompyuta moja au mbili zilizotajwa kwa anwani, kwa sababu mlango wa nyuma usiofikika hauna wa kuuingia. Alisalimika pia yule aliyekuwa akiangalia kumbukumbu zake akaona amri ambazo hakuna mtu wa ofisini kwake aliyezitoa.

Na tusijifanye kwamba hayo ni ya Webmin tu. Februari 2019 kampuni ya utafiti wa usalama ya Bishop Fox ilitangaza kosa katika OpenMRS yenyewe, mama wa KenyaEMR, lililomwezesha mtu asiye na akaunti kuendesha programu yake ndani ya seva. Sasisho lilikuwa limeshatolewa. Swali la kuulizwa kituo kwa kituo ni rahisi: mnatumia toleo gani leo, na la mwisho kutolewa ni lipi? Afisa anayejibu "jipya" hajajibu.

6. "Neno la siri tunalo"

Nanyi nyote mnalo lile lile. Akaunti moja, jina lake admin, inatumiwa na afisa wa kaunti, fundi wa mradi, karani mwerevu na mwanafunzi wa mazoezi aliyepewa "asaidie kidogo". Paneli yenye akaunti moja kwa watu watano haina mlinzi. Ina mashahidi watano, na kila mmoja ana watu wanne wa kuwasingizia.

Wakenya tumeshalipia somo hili. Mwaka 2015, katika kashfa ya NYS, shirika la serikali la vijana, Sh791 milioni zilipotea kupitia malipo ya IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali, na ofisa mmoja mwenye mamlaka ya kuidhinisha akasema neno lake la siri lilitumiwa na wengine. Kweli au si kweli, utetezi huo uliwezekana kwa sababu mfumo ulijua jina tu, haukumjua mtu. Kila anayeshiriki neno la siri la paneli leo anajiandalia utetezi huo huo, au anamwandalia mwenzake.

Kila mtu na akaunti yake, hatua ya pili ya kuthibitisha kwa simu, akaunti ya anayehama ifungwe siku anapokabidhi funguo za ofisi. Sina la kuongeza hapo. Yote yameandikwa kwenye sera ambazo kaunti zinazo kwenye kabati.

7. "Hatujawahi kuvamiwa"

Mnajuaje? Novemba 17, 2025, tovuti kadhaa za serikali, ya Wizara ya Afya ikiwemo, zilikutwa zimeandikwa kaulimbiu za Kinazi. Nchi nzima ikajua, kwa sababu waliofanya hivyo walitaka ijue. Mtu anayenakili hifadhidata ya kliniki haandiki ukutani. Anaondoka, na kesho yake paneli inafunguka kama kawaida, grafu ni za kijani.

Sheria ya Ulinzi wa Data inampa anayesimamia data saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu alipofahamu kwamba kumetokea uvunjaji. Tangu alipofahamu. Kwa taasisi isiyotazama kumbukumbu zake, saa hiyo haitaanza kuhesabu kamwe. Ni njia ya ajabu ya kutii sheria.

8. "Pesa hakuna"

Tuhesabu basi, maana gharama ya kutohakiki inalipwa tayari, ila haina mstari kwenye bajeti. Tazama rejista za karatasi. Mfumo wa kidijitali uko salama na unaaminika, tunaambiwa. Hata hivyo katika vituo vingi sista anaandika kwenye kitabu kikubwa, kisha karani anaingiza yale yale kwenye kompyuta. Kazi mara mbili, mishahara mara mbili, makosa mara mbili. Kama mfumo unaaminika, kitabu ni cha nini? Na kama hauaminiki, ile hafla ya makofi ilikuwa ya nini?

Gharama ya pili ilikuja Januari 20, 2025, Washington iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Miradi iliyokuwa ikilipa wataalamu wa data katika kliniki hizi iliyumba, na watu wakaambiwa wasiende kazini. Mtu anapoondoka ghafla namna hiyo haendi na dawati. Anaondoka na neno la siri kichwani na njia yake ya kuingilia kwa mbali ikiwa hai. Kaunti iliyokuwa na orodha ya akaunti na poti ingezifunga jioni moja. Isiyo nayo bado inaishi kwa imani kwamba wale vijana walikuwa watu wazuri. Pengine walikuwa. Hicho si kipimo.

Kisha kuna wale wanaosema uhakiki ni ripoti ya kampuni ya Nairobi yenye kurasa mia na ankara ya mamilioni, kwa hiyo usubiri mwaka wa fedha ujao. Majaribio ya sehemu ya kwanza yanahitaji simu, bando la siku na mtu asiyeogopa kuonekana anashuku wenzake. Hilo la mwisho ndilo adimu, nakubali.

9. "Mnawafundisha wezi"

Pingamizi hili hutolewa mwisho, kwa sauti ya chini, na aghalabu na mtu ambaye seva yake haijakaguliwa. Tusiyaandike haya gazetini, wanasema, tutawaamsha waliolala.

Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia saini makubaliano ya afya, na ndani ya siku chache Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu ya kupeana data za wagonjwa. Watu walipaza sauti, na walikuwa na haki: data zetu zisiende ng'ambo bila sisi kujua. Hakuna aliyesema mjadala huo ungewaamsha Wamarekani. Lakini ukiuliza kwa sauti ile ile kama data hizo zinaweza kutoka hadi benchi la nje, au duka la picha mkabala na lango, unaambiwa unachochea.

Waliolala si wezi. Neno la siri la awali la OpenMRS, lile linalokuja na mfumo kabla haujaguswa, limechapishwa herufi kwa herufi kwenye maelekezo ya mradi wenyewe, na limekuwa hapo kwa miaka mingi. Mwizi ameshalisoma. Kisichojulikana, kutoka Karungu hadi Oyugis, ni kama aliyekabidhiwa seva alilisoma naye, na kama alilibadilisha.